Kona ya Simu: "Marekebisho ya hitilafu" ndo nini sasa?

Habari zenu wana Mtwara Kuchele na majirani wa Lindi. Mwezi huu maswali ni mengi ila kuna moja la kijana wa Chikongola limenikaa kichwani siku mbili, nimeamua nilipe nafasi kubwa na mengine yanayofanana nalo nimeyapanga nyuma yake. Wale wa betri kuvimba na wa laini kufungiwa sijawasahau, nivumilieni mpaka mwezi ujao.

SWALI: Kaka mambo vipi. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza apu ya Android kwa ajili ya wakulima wa korosho, mtu anaingiza mzigo aliopeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kilo ngapi, tarehe, gredi, halafu hela ikiingia anaweka na hela, basi anajua bado anadai nini. Tuna watu kama mia nne hivi, wengi Tandahimba na Newala. Sasa kulikuwa na kasoro kwenye kilo zenye pointi, mtu akiingiza 243.6 inatokea 243, watu wakaanza kusema apu inakata kilo, mara hii ni kangomba (ule ulanguzi wa korosho) ya kwenye simu. Tumekesha siku mbili tumerekebisha tukapandisha apdeti Play Store, kwenye maelezo tukaandika "Maboresho ya utendaji na marekebisho ya hitilafu ndogondogo". Leo wiki ya tatu zaidi ya nusu hawajaapdeti na bado tunatukanwa, mmoja katupa nyota moja kaandika WEZI kwa herufi kubwa. Tumekosea wapi? (Msomaji, Chikongola, Mtwara)

JIBU: Mdogo wangu pole, lakini kosa mmelitaja wenyewe kwenye barua yenu. Hebu kaa upande wa mzee wa Tandahimba, ana bando la wiki, kafungua Play Store kaona apu yenu inataka apdeti ya MB thelathini na kitu, kasoma "maboresho ya utendaji". Utendaji wa nani? Kule kijijini utendaji ni mambo ya mtendaji wa kijiji, michango na vikao. Halafu "hitilafu ndogondogo". Yaani kilo zake, ambazo kazihangaikia tangu kupulizia salfa mwezi wa tano mpaka kuokota, nyie mmeziita ndogondogo. Kwenu ni mstari mmoja wa kodi (code, yale maandishi ya programu), nakubali, ila yeye hajui kodi, anajua kilo. Kwa hiyo kafunga Play Store bando lake limebaki na hasira zake zimebaki.

Na kuna kitu developa wengi wa huku hawakifikirii manake wanaiga wanavyoona kwenye apu kubwa za nje. Play Store kwa kawaida imewekwa ijiapdeti yenyewe simu ikiwa kwenye waifai, kwa hiyo mtu mwenye waifai nyumbani apu zinajiapdeti amelala, hayo maelezo hayaoni mwaka mzima, ndo maana hao wakubwa wanaandika mstari uleule mmoja kila wiki na maisha yanaenda. Mkulima wa Newala hana waifai, na wengi wameizima kabisa hiyo ya kujiapdeti kulinda bando. Huyu anaapdeti kwa mkono kwa hela yake, na kabla hajabonyeza anasoma. Hayo maelezo kwake ni kama lebo ya bei, anataka kujua ananunua nini na bando lake.

Mngeandika hivi:

"Kilo zako sasa zinaonekana na pointi zake. Mwanzo ukiingiza kilo 243.6 apu ilikuwa inaonyesha 243. Zile pointi hazikupotea, zilikuwa zimehifadhiwa ila hazionekani. Ukishaapdeti fungua Mizigo Yangu, utaona kilo zote za nyuma zimekaa sawa. Samahani kwa usumbufu."

Haifiki hata herufi 300 na Play Store wanakupa 500, kwa hiyo mlikuwa na nafasi ya kutosha. Angalia hapo hakuna neno utendaji, hakuna neno hitilafu, kuna kilo, na ule mfano wa 243.6 umewekwa makusudi manake mtu aliyekutwa na jambo hilo akiona tu namba anasema eeh ni mimi huyu. Halafu kuna sehemu ya kwenda kuangalia, ameambiwa fungua Mizigo Yangu, jina lilelile lililopo kwenye kitufe, sio "nenda kwenye moduli ya usimamizi wa shehena".

Ila subiri, kabla hujakopi nilichoandika nakuuliza swali na unijibu kwa ukweli. Zile pointi kweli zilikuwa zimehifadhiwa? Manake kuna kasoro mbili hapo zinafanana kwa nje. Kuna ile namba imekaa nzima kwenye databezi ila skrini inaonyesha nusu, hiyo ukirekebisha kila kitu kinarudi chenyewe. Na kuna ile apu ilikuwa inakata pointi wakati wa kuhifadhi, hapo namba za zamani zimeshakufa na hakuna apdeti itakayozifufua. Kama yenu ni hii ya pili basi yale maneno yangu yatakuwa uongo, na mzee atafungua Mizigo Yangu akute 243 yake ileile, hapo sasa neno WEZI utalipokea kwa haki. Kwa hiyo ungesema wazi: "Mizigo ya kabla ya apdeti hii tunaomba uingize kilo upya kutoka kwenye risiti yako ya mzani." Inauma kuandika sentensi kama hiyo, najua, lakini risiti anayo, atafanya.

Jambo lingine la lugha. Kwenye Play Console, pale developa anaposimamia apu yake ya Play Store, maelezo unaandika kila lugha na sehemu yake, na mtu anaonyeshwa kulingana na lugha ya simu yake. Sasa nenda stendi pale kagua simu za watu kumi, utakuta nyingi zimekaa Kiingereza, sio kwa sababu mwenyewe anapenda, zilitoka dukani hivyo na hakuna aliyegusa. Kwa hiyo ukiweka Kiswahili na Kiingereza, huyu mkulima mwenye simu ya Kiingereza anapewa Kiingereza. Kama watu wenu mia nne wote ni wa Kiswahili, wekeni Kiswahili kuwa lugha kuu ya apu kule Play Console na Kiingereza msiweke kabisa, hapo yule ambaye lugha ya simu yake haipo anapewa ile kuu. Wengi wanaona aibu kutokuwa na Kiingereza kwenye ukurasa wao wa Play Store. Aibu ya nini, wateja wako wako Kitama na Mahuta.

Nikupe na yangu, usione nakusema tu. Miaka ya nyuma niliwahi kuwa na apu ndogo ya daftari la madeni kwa wenye maduka, ikawa na kasoro ya kuandika deni moja mara mbili. Nikarekebisha, nikaandika kwa furaha kabisa: "Tumefuta madeni yaliyokuwa yanajirudia kwenye orodha ya wateja." Sentensi haina kosa. Lakini jamaa mmoja mwenye duka Magomeni alikuwa anawasomea watu barazani akaishia "tumefuta madeni", stori ikaenda mtaani, kesho yake asubuhi mama mmoja anadaiwa sukari na mafuta anakuja anamwambia nimesikia simu yako imefuta madeni, hongera baba. Alicheka yeye, nikacheka na mimi, lakini kufikia jioni nilikuwa nimeshapandisha maelezo mengine: "Deni moja sasa linaandikwa mara moja tu. Deni la mteja wako lipo palepale." Tangu siku hiyo maneno matatu ya mwanzo nayasoma peke yake kama vile mengine hayapo, manake mtu hasomi akiwa ametulia, anasoma huku anahesabu chenji.

Hizo nyota moja zijibuni, moja moja. Sehemu ya kujibu rivyu Play Store ina herufi 350, yanatosha yale maelezo mapya yote pamoja na shikamoo. Na hao ambao hawafungui Play Store kabisa, nyie mna namba zao za simu si walijisajili nazo, tumeni SMS fupi, au nendeni siku ya mkutano wa AMCOS mkasimame dakika tano mwoneshe kwenye simu ya mtu mmoja mbele ya wenzake, hiyo kwa Tandahimba inashinda SMS mia. Ila muwahi kabla minada haijachanganya, ikishafika Oktoba na Novemba watu wakiwa kwenye foleni ya mzani ukiwahamishia kitufe mahali pengine utatafutwa.

Kitu cha mwisho nakiweka hapa manake najua mtakifanya tu. Siku mkiamua kuachana na simu za Android za zamani, msiandike kwenye maelezo ya apdeti kwamba simu za zamani hazitumiki tena. Yule mwenye simu ya zamani hiyo apdeti haimfikii, Play Store haimpi, kwa hiyo unamwandikia barua mtu kwa kuiweka kwenye nyumba ambayo hana funguo. Yeye anatakiwa aambiwe kwenye toleo la kabla ya hapo, ndani ya apu yenyewe.

SWALI: Kaka yangu habari za kazi. Mimi niko Lindi mjini, natafsiri maelezo ya apdeti za apu moja ya masomo, ofisi yao iko Dar. Wananitumia Kiingereza mistari sita saba nairudisha Kiswahili, nalipwa kwa neno. Mara ya mwisho nilikuta wanasema wameondoa "bugs" nikaandika wameondoa wadudu, bosi akacheka sana na kunikata hela. Kamusi gani nzuri ya mambo haya? (Dada wa Mitandi, Lindi)

JIBU: Dada yangu, wadudu! Kwa mikoa yetu hii hiyo ingeleta balaa, mtu wa Nachingwea akisoma tumeondoa wadudu anakimbilia kuuliza ni dawa gani mana mbu wa mikorosho wamemmaliza. Bosi hakutakiwa kukukata lakini, alitakiwa kukuelewesha kwamba bugs hapo ni kasoro za apu.

Mimi sikupi kamusi. Kamusi itakupa "uthabiti" na "kiolesura" na mwanafunzi wa kidato cha pili pale Mtanda atapita juujuu kama hajaona kitu. Fanya hivi, ukipewa mstari usioelewa mpigie simu au mwandikie aliyetengeneza umuulize: mtu akifungua apu leo ataona tofauti gani na jana? Atakujibu kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, hiyo ndo tafsiri yako. Wakiandika mambo ya stability wanamaanisha apu ilikuwa inajitoa yenyewe, basi andika "apu haijitoi tena ukiwa katikati ya mtihani". Wakiandika performance wanamaanisha ilikuwa inachelewa, andika "masomo yanafunguka haraka hata mtandao ukiwa wa kusuasua". Ile dark mode wanafunzi wenyewe wanaiita skrini nyeusi, usihangaike kuibatiza jina jingine. Sinki (ile sync ya Kiingereza) iache sinki kama watu wako wanasema kusinki, kama hawasemi andika "ulichojibu bila mtandao kitajituma chenyewe mtandao ukirudi".

Halafu ingia ndani ya apu uangalie vitufe vimeandikwaje, hili watafsiri wengi hawalifanyi kabisa. Kama kitufe kimeandikwa Majaribio na wewe kwenye maelezo umeandika Mazoezi, mtoto atatafuta Mazoezi mpaka alale. Na kama kitufe chenyewe bado ni cha Kiingereza, kiandike kilivyo.

Kuhusu herufi, Kiswahili chetu maneno ni marefu, ile mistari yao saba ikija huku inapasua 500 na Play Store inagoma kupokea. Usianze kukatakata maneno. Ondoa mistari. Mara nyingi kati ya saba ni miwili tu inayomhusu msomaji, mingine wanajisifia kazi ya ndani, maktaba gani ya kodi wamebadilisha, seva gani wamehamia, yote hayo mwanafunzi hayamsaidii. Kwenye App Store ya Apple ndo nafasi kubwa, herufi 4000, lakini hapo napo inayoonekana ni mistari michache ya juu na iliyobaki mpaka mtu agonge kuendelea, kwa hiyo cha maana kinakaa juu hukohuko.

Na hiyo ya kulipwa kwa neno kataa dada. Kazi nzuri hapa ni kupunguza maneno, wao wanakulipa uyaongeze. Omba ulipwe kwa kila apdeti.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mzee mstaafu niko Newala. Simu yangu kila siku inataka apdeti na maneno ni yaleyale, wamerekebisha hitilafu. Hizo hitilafu haziishi? Nikiacha kuapdeti nitadhurika nini, maana bando linaliwa. (Mzee wa Newala)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Haziishi, na sio kwamba wanakudanganya, ni wavivu wa kusema. Programu inaandikwa na watu, kila wakiongeza kitu wanaharibu kingine.

Kuacha unaweza kwa baadhi. Apu ya kuhariri picha au mchezo wa wajukuu ukikaa nayo miezi hakuna kesi. Lakini ya benki, ya kutuma hela na ya meseji mzee usiache, hata kama maelezo ni hayohayo yasiyosema kitu. Hapa inabidi niwatetee kidogo: wakiziba tundu ambalo mwizi angeweza kupita hawawezi kukuandikia tundu lilikuwa wapi, manake wenye toleo la zamani bado liko wazi kwao na mwizi naye anasoma. Kwa hiyo wanasema tumeimarisha usalama wananyamaza, hiyo ni halali.

Cha kufanya, mjukuu akija likizo au ukifika sehemu yenye waifai ziapdeti zote kwa pamoja. Na apdeti uichukue Play Store tu mzee. Ukitumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba bonyeza hapa uapdeti apu ya benki, usiguse, hata kama aliyetuma ni shemeji yako unayemwamini, huenda na yeye simu yake imeshaingiliwa.

SWALI: Oya bro, kwenye maelezo ya apdeti tunaweza kuweka utani na emoji? Na kuomba nyota tano? (Masasi)

JIBU: Utani weka kama una kitu cha kusema kwanza, mtu akishajua kilichobadilika mchekeshe. Utani bila habari unachosha mara ya pili tu. Emoji moja mbili sawa. Nyota tano usiombe hapo, Google wenyewe wanasema sehemu hiyo isitumike kwa matangazo wala kuwasukuma watu wafanye jambo fulani.

SWALI: Habari, mimi ndo kwanza najifunza. Zile namba za toleo 2.4.1 zinapangwaje, na je niziandike kwenye maelezo? (Kilwa Masoko)

JIBU: Utaratibu unaotumika sana ni ule alioupanga Tom Preston-Werner, mmoja wa walioanzisha GitHub, mtandao ambao developa wanahifadhi kodi zao. Ya mwisho inapanda ukirekebisha kasoro, ya katikati ukiongeza kitu bila kuvuruga cha zamani, ya mwanzo ukibadilisha mambo mpaka ya zamani hayaendani tena. Kwenye apu za simu watu hawaufuati sana, wengi wanapandisha ya mwanzo siku wanayotaka kuonekana wamefanya makubwa. Android ina namba nyingine ya ndani mtumiaji haioni, ile lazima ipande kila apdeti na mwisho wake Play Store ni 2100000000, kwa hiyo ukiiandika kwa mtindo wa tarehe na saa hesabu tarakimu zako kwanza usije ukagonga dari.

Kwenye maelezo namba ya toleo usiiweke, inakula herufi na ukurasa wenyewe unaionyesha. Pale ndani ya apu kwenye Kuhusu ndo iweke kubwa inayosomeka, manake siku mteja wa Kivinje akikupigia simu analalamika swali lako la kwanza litakuwa hilo, una toleo gani, na hutaki akae dakika kumi kwenye laini anatafuta.